Petroli ya Pikipiki na Amana ya Mayatima



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na masahaba zake. Ama baad.

Wapenzi wasomaji wa safu hii ya uchumi wa nyumba, mara nyingi tumezungumzia vibaba vya jikoni: unga, sukari, mkaa na bili ya maji. Wiki hii tunapimana na kibaba kingine, nacho ni lita ya petroli. Msishangae. Nyumba nyingi za Waislamu, pwani na bara, leo zinakula kutokana na magurudumu mawili. Baba ni mwendeshaji wa bodaboda, au kijana wa nyumbani anaendesha, au mama amenunua pikipiki kwa akiba yake na kumpa jamaa amfanyie kazi. Pikipiki hiyo inapokunywa petroli kupita kiasi, kinachopungua ni chakula cha watoto. Na pale ambapo hakuna ajuaye kiasi hicho ni kipi, huzaliwa tuhuma.

Barua iliyotuchochea imetoka Kakamega. Baadhi yenu mtauliza habari za Kakamega zinatuhusu nini sisi watu wa pwani. Jibu ni kwamba zinatuhusu tangu zama za misafara. Wafanyabiashara wa pwani walifika nchi ya Wawanga katika karne ya 19, na makao ya Nabongo Mumia yakawa kituo kikubwa cha njia ya kwendea Uganda. Uislamu ukatia mizizi hapo, na hadi leo Mumias, iliyomo katika Kaunti ya Kakamega, ni mji wa misikiti na madrasa. Binti zetu wameolewa huko na binti za huko wameolewa kwetu.

Dada yetu huyo ni mjane. Marehemu mumewe alimwachia watoto watatu wadogo na pikipiki moja ya injini ya 125. Mtoto wa shemeji yake ndiye anayeiendesha. Mapatano yao ni kwamba kila jioni petroli ya siku hutolewa kwanza, kisha kinachosalia hugawanywa nusu kwa nusu. Kijana hukata shilingi 540 kila siku kwa petroli, yaani lita tatu kwa bei ya shilingi 180. Dada yetu amesoma kwenye karatasi aliyopewa mumewe siku ya kununua kwamba pikipiki hiyo huenda kilomita 60 kwa lita moja. Mita inaonyesha mwendo wa kilomita 110 hivi kwa siku. Akapiga hesabu: 110 ukigawanya kwa 60, haifiki hata lita mbili; ni shilingi 330. Basi shilingi 210 huenda wapi kila siku? Kwa siku 26 za kazi katika mwezi ni shilingi 5,460. Anauliza: je, nimwite wazee wa ukoo nimshitaki kwa kula mali ya mayatima?

Swali hili ni zito pande zote mbili. Mali ya yatima ni moto, na Surat An-Nisaa imelionya jambo hilo kwa ukali usio na mfano. Lakini kumtuhumu Mwislamu wizi bila ya hakika nako ni dhambi, na Surat Al-Hujurat imetukataza kuishi kwa dhana. Mtu akiwa kati ya maonyo mawili kama haya, njia yake ni kupima kabla ya kusema.

Karatasi ya dukani haisemi uongo, wala haisemi ukweli wote

Tuanze na hizo kilomita 60. Tarakimu za namna hiyo hupatikana kwa majaribio ya maabara. Pikipiki mpya huwekwa juu ya magurudumu ya chuma yanayozunguka, ikaendeshwa kwa mwendo uliopangwa sekunde kwa sekunde. Mzigo unaohesabiwa ni wa mtu mmoja wa kilo 75. Hakuna abiria, wala tope, wala mlima wa kweli, wala mwendeshaji anayekimbilia mteja kabla mwenzake hajamuwahi. Watengenezaji wengine hupima hata kwa mwendo mmoja usiobadilika wa polepole, na hapo tarakimu hupendeza zaidi. Jaribio hilo lina faida yake, kwa kuwa linamwezesha mnunuzi kulinganisha pikipiki moja na nyingine kwa kipimo kimoja. Halikukusudiwa kuwa ahadi ya kila siku barabarani.

Jambo hili si la bodaboda peke yake. Hata zile pikipiki kubwa za safari ndefu wanazopanda watu wa Ulaya na Marekani, kama Yamaha FJR1300 yenye injini ya sentimita za ujazo 1,298 na tangi la lita 25, wenyewe hulalamika kwamba hesabu ya barabarani hailingani na ya karatasini. Mashine kama hiyo huenda kilomita 16 hadi 20 hivi kwa lita, na hupanda na kushuka kwa kutegemea mwendo, upepo na mizigo ya pembeni. Tofauti ni kwamba kwa mwenye pikipiki ya anasa upungufu huo ni gumzo la mezani. Kwa mjane wa Kakamega ni ada ya shule.

Sasa tumtazame kijana wetu. Yeye ana kilo zake 70, abiria naye 70, na mara nyingine badala ya abiria hupakia gunia la mahindi la kilo 90. Pikipiki yenyewe ni kilo 120 hivi. Kwa hiyo injini iliyopimwa ikivuta jumla ya kilo 195 au 200, kazini inavuta 260 na zaidi. Akipakia watoto watatu wa shule kwa mtindo wa mshikaki, mzigo huongezeka tena, na sheria ya usalama barabarani inakuwa imevunjwa, maana inaruhusu abiria mmoja tu. Mama anayekubali wanawe wapakiwe hivyo ili aokoe nauli anahatarisha kisichonunulika.

Kisha kuna kusimama na kuondoka. Kila mara pikipiki inaposimama kumshusha mtu, nguvu yote iliyotumika kuifikisha kwenye mwendo ule hupotea kwenye breki, na petroli nyingine hutumika kuanza upya. Safari moja ya kilomita 30 kutoka Kakamega hadi karibu na Mumias kwenye lami hutumia petroli kidogo kuliko safari 15 za kilomita mbili mbili ndani ya mji, ijapokuwa mita itasoma kilomita zile zile.

Barabara nazo zina hukumu yake. Kakamega ni nchi ya mvua, nayo hunyesha karibu mwaka mzima, mara nyingi alasiri. Ukitoka kwenye lami na kuingia njia za udongo za kuelekea Shinyalu na msituni, baada ya mvua gurudumu la nyuma huzunguka kwenye utelezi, injini hulia kwa gia ya kwanza na ya pili, na mwendo haupatikani. Petroli imeungua na kilomita hazikuongezeka.

Mwisho ni hewa yenyewe. Mji wa Kakamega uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja katika saba. Pikipiki yenye kabureta ya kawaida haijui kwamba imepandishwa mlimani. Humwaga petroli kwa kadiri iliyorekebishwa kwa hewa nzito ya nchi tambarare. Hewa ikipungua na petroli ikabaki ile ile, moto hauungui vizuri: plagi huwa nyeusi kwa masizi, moshi hunuka petroli, na nguvu hupungua. Fundi mzoefu hulirekebisha jambo hili kwa dakika chache. Pikipiki mpya zinazopuliza petroli kwa kompyuta hujirekebisha zenyewe.

Ukiyajumlisha yote hayo, pikipiki iliyoandikiwa kilomita 60 kufanya kilomita 40 kwa kazi ya bodaboda si ajabu. Lakini “si ajabu” haitoshi kumtakasa kijana, kama vile karatasi ya dukani haitoshi kumtia hatiani. Lazima ipimwe pikipiki ile ile, kwa kazi ile ile, katika mji ule ule.

Namna ya kupima

Kipimo hiki hakihitaji fundi wala mtambo. Kinahitaji daftari, kalamu na subira ya wiki mbili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na Surat Al-Baqarah ina aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ambayo imekuja kufundisha uandishi wa deni. Anayeandika hesabu hajamtilia mwenzake shaka. Amemlinda na shaka.

Kwanza, hakikisheni mita ya kilomita inafanya kazi na inasema kweli. Pikipiki nyingi za bodaboda waya wa mita umekatika zamani. Ijaribuni kwenye barabara kuu yenye vibao vya kilomita, muone kama kilomita kumi za vibao ni kumi za mita.

Pili, nendeni pamoja kituo cha mafuta. Pikipiki isimamishwe wima kwenye stendi yake ya kati, tangi lijazwe mpaka alama mtakayokubaliana, kwa mfano chini kidogo ya shingo ya tangi. Andikeni tarehe na kilomita.

Tatu, kijana afanye kazi yake kama desturi. Kila anapoongeza petroli, aandike lita, si shilingi peke yake, na achukue risiti. Akilipa kwa M-Pesa, ujumbe wa simu nao ni ushahidi wa tarehe na kiasi. Asinunue kwenye chupa za kando ya barabara katika kipindi hiki, kwa sababu tutakazozieleza mbele.

Nne, baada ya siku sita rudini kituo kile kile, pampu ile ile, mjaze mpaka alama ile ile. Jumlisheni lita zote zilizoingia tangu mara ya kwanza, mkihesabu na hizi za mwisho. Gawanyeni kilomita kwa lita. Hilo ndilo jibu. Lirudieni wiki ya pili ili msidanganywe na wiki moja ya mvua au ya msiba.

Kwa nini siku sita na si moja? Kwa sababu kosa la kujaza halikosekani. Ukikosea robo lita hivi katika lita mbili, hesabu yako imepotoka zaidi ya asilimia kumi. Ukikosea robo hiyo hiyo katika lita 16, kosa ni chini ya asilimia mbili. Vile vile msipime kwa safari ya upande mmoja. Kutoka Kakamega kwenda Kisumu kwa jumla unateremka, kwa kuwa Kisumu iko kando ya ziwa, chini ya Kakamega kwa kiasi cha mita 400. Mtu akipima wakati wa kwenda ataisifu pikipiki, na akipima wakati wa kurudi ataitukana. Haki ni kupima kwenda na kurudi.

Na kwa nini lita, si shilingi? Kwa sababu bei ina mwenyewe. Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, hutangaza bei za juu kabisa tarehe 14 ya kila mwezi, na kila mji una bei yake. Sisi wa Mombasa bei yetu huwa chini kidogo kuliko ya bara, kwa sababu mafuta hushukia bandarini kwetu, kisha husafiri kwa bomba na magari hadi huko. Mwaka 2023, baada ya kodi ya VAT ya mafuta kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mwezi wa Julai, na bei ya dunia nayo kupanda, lita ya petroli mjini Nairobi ilifika shilingi 211.64 katikati ya Septemba. Mwenye kuhesabu shilingi peke yake angedhani pikipiki imegeuka mlafi au kijana amegeuka mwizi, ilhali lita zilikuwa zile zile.

Tupige mfano wa hesabu

Tuseme siku sita zimeisha, mita imesoma kilomita 660, na lita zilizoingia ni 16 na nusu. Gawanya: ni kilomita 40 kwa lita. Kwa bei ya 180, petroli ya siku sita ni shilingi 2,970, yaani 495 kwa siku.

Tazama jinsi sura ya mambo inavyobadilika. Dada yetu alidhani haki ni 330. Kijana alikata 540. Ukweli wa mfano wetu ni 495. Zile shilingi 210 zilizoitwa wizi zimebaki 45 kwa siku, thamani ya robo lita. Na kwa kuwa petroli hutolewa kabla ya mgawo, hasara ya mayatima si 45 yote, ni nusu yake. Robo lita hiyo ndiyo ya kuulizana kwa upole: je, ni petroli ya chupa iliyopungua kipimo? Je, ni safari za kwake mwenyewe za usiku? Je, amezoea tu kusema “lita tatu” kwa kukadiria? Swali la namna hii lina jibu. Tuhuma ya jumla haina jibu, ina ugomvi tu.

Na ikiwa kipimo kitatoka kilomita 55 kwa lita ilhali kijana anakata lita tatu? Hapo dada yetu atakuwa na hoja mkononi mwake, tena iliyoandikwa na mwenyewe kijana katika daftari. Amwite faraghani kwanza, kabla ya kuwaita wazee. Huenda akatubu na kurejesha bila ya kuvunjiwa heshima. Asipokubali, wazee wapo.

Kikulacho ki nguoni mwako

Mara nyingi mwizi wa petroli hana mikono, ni pikipiki yenyewe. Wenye pikipiki na watazame mambo haya kila wiki.

Upepo wa tairi ukipungua, pikipiki huwa nzito kama mkokoteni. Mlio wa tairi na mkono wa kubonyeza havitoshi. Upimwe kwa geji, kwa kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji, na tairi likiwa baridi. Cheni iliyokauka au kulegea hula nguvu ya injini kabla haijafika gurudumuni; isafishwe, itiwe mafuta na ikazwe kwa kadiri. Breki inayogusa daima hujulikana kwa kulizungusha gurudumu kwa mkono. Likikataa kuzunguka kwa wepesi, breki inakula petroli na vile vile inajila yenyewe. Kichujio cha hewa kikijaa vumbi la kiangazi, injini hukosa pumzi na kunywa petroli bila ya kuiunguza. Plagi iliyochakaa, choki iliyosahauliwa wazi tangu asubuhi, na oili iliyozeeka, vyote vina sehemu yao.

Kisha kuna mkono wa mwendeshaji. Upinzani wa hewa huongezeka kwa kasi kuliko mwendo wenyewe: ukitoka mwendo wa 50 hadi 70 kwa saa, nguvu ya upepo inayokurudisha nyuma huwa karibu mara mbili. Kwenye lami ya Webuye au Kisumu, mwenye haraka hulipia haraka yake kwa lita.

Jambo kubwa kuliko yote haya halionekani kwenye pikipiki hata kidogo. Ni safari tupu. Mwendeshaji anayezunguka mji kutafuta abiria anaweza kwenda kilomita nyingi asizolipwa hata moja. Mwenzake aliyekaa steji kwa zamu akingoja, au mwenye wateja wake wa simu wanaomwamini, hutumia petroli kidogo kwa kila shilingi anayoingiza. Kwa hiyo daftari likiwa na safu ya tatu, yenye idadi ya safari zilizolipwa, litafundisha mengi kuliko mita.

Tuseme matengenezo na utulivu vimeipandisha pikipiki ile kutoka kilomita 40 hadi 45 kwa lita. Kwa mwendo wa kilomita 110 kwa siku, akiba ni kama shilingi 55 kila siku, zaidi ya 1,400 kwa mwezi. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini si kila akiba ni akiba. Wako waendeshaji wanaozima injini mteremkoni, wakaiacha pikipiki ishuke yenyewe. Hapo hakuna injini ya kusaidia kupunguza kasi, breki hupata moto, na likitokea jambo la ghafula hakuna nguvu ya kulikwepa. Thamani ya petroli inayookolewa ni shilingi chache; thamani ya mtu haipimwi.

Vivyo hivyo petroli ya chupa. Chupa si kipimo kilichothibitishwa na Idara ya Mizani na Vipimo kama ilivyo pampu ya kituo, ambayo kisheria hukaguliwa na kutiwa muhuri. Mununuzi hajui kama ni lita kamili, wala hajui kilichochanganywa ndani. Uchanganyaji wa mafuta ya taa katika mafuta mengine ulienea nchini hata Serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwezi wa Septemba 2018, ili kuondoa tofauti ya bei iliyokuwa ikiwashawishi wachanganyaji. Injini ya petroli ikinyweshwa mafuta ya taa hugonga, hutoa moshi na huchakaa kabla ya wakati wake. Nasi tumkumbushe muuzaji wa chupa aliye Mwislamu kwamba imeteremshwa sura nzima kwa jina la wapunjao vipimo, Surat Al-Mutaffifin, na lita ya petroli ni kipimo kama pishi ya mchele.

Mapatano yaandikwe upya

Dada yetu mpendwa, hata baada ya kupima, chanzo cha ugomvi kitabaki maadamu petroli inakatwa kwa neno la mtu mmoja. Tunakushauri mambo mawili.

La kwanza, ifahamike pikipiki ni ya nani. Ni mali ya marehemu, na mali ya marehemu, baada ya madeni na wasia, ni ya warithi. Wewe mke mwenye watoto una thumni, na kilichosalia ni cha watoto pamoja na wazazi wa marehemu iwapo wako hai. Kwa hiyo hata wewe mwenyewe ni mwekaji amana katika sehemu kubwa ya pikipiki hiyo, na daftari unalomdai kijana nawe unadaiwa na wanao watakapobaleghe. Kama mirathi haijagawanywa, iendeeni Mahakama ya Kadhi. Mirathi ya Waislamu imo katika mamlaka iliyopewa na Katiba ya 2010.

La pili, tazameni aina ya mkataba. Kumpa mtu chombo akifanyie kazi kwa sehemu ya mapato ni jambo ambalo wanazuoni wamekhitilafiana. Madhehebu ya Hanbali wameliruhusu. Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wetu, hawakuliruhusu, kwa kuwa ujira wake haujulikani kiasi chake. Njia iliyo safi kwa wote ni ijara: kijana akodi pikipiki kwa kiasi maalumu kwa siku, mkubaliane na siku za ugonjwa, mvua kubwa na matengenezo. Petroli na oili ziwe juu yake. Matengenezo makubwa, kama injini na tairi, yawe juu ya wenye mali. Mkataba wa namna hii una hekima ya kidunia pia. Petroli ikiwa ya kijana, yeye mwenyewe ndiye atakayelinda cheni, tairi na mkono wake, kwa sababu kila robo lita anayookoa ni yake. Wewe hutahitaji tena kuuliza lita ngapi. Muulizeni sheikh wenu wa huko awatazamie masharti, kisha muyaandike mbele ya mashahidi wawili.

Kiasi cha kodi hiyo kipangwe kwa daftari la wiki mbili, si kwa kukisia. Ikiwa mapato ya siku yakitolewa petroli halisi yanabakisha kiasi fulani, basi nusu yake au karibu na hapo ndiyo kodi ya haki, isiyomvunja mgongo kijana wala kuwapunguzia mayatima.

Na wewe kijana, iwapo shangazi au mama mdogo wako atakusomea makala haya, usione haya kukubali kupimwa. Huenda kwa miezi mingi umebeba jina baya nyumbani pasina kujua, na kipimo kikakuvua. Mtume wetu (s.a.w.) kabla ya kupewa utume aliitwa Al-Amin na watu wa Makka, naye alikuwa akifanya biashara kwa mali ya mwanamke, Bibi Khadija (r.a.). Kazi ya kushika mali ya mwanamke na kumrejeshea hesabu iliyonyooka ni kazi yenye heshima kubwa katika dini yetu.

Mola atujaalie kuwa miongoni mwa watimizao vipimo na walindao amana, awahifadhi vijana wetu barabarani, na awakuze mayatima wetu katika kheri. Wallahu aalam.

Wiki ijayo, insha Allah, tutazungumzia michango ya harusi na deni linaloachwa nyuma yake. Fi amanillah.